Ukuta wa ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojijengea nyumba Uganda

Wengi wetu hatujengi nyumba kwa mkupuo. Mwaka huu msingi, mwakani kuta za nje, mavuno yakikubali mabati yanapanda. Kuta za ndani hufikiriwa mwisho kabisa, mfuko ukiwa umekwisha, na ndipo mtu ananunua chochote anachokikuta njiani. Nimefanya uashi miaka mingi upande wa Busia, Tororo na Mbale, na sehemu kubwa ya nyufa nilizoitwa kuziba zilikuwa kwenye kuta za ndani zilizojengwa kwa haraka namna hiyo. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na wenye nyumba, mengine kwa simu, mengine tukiwa tumesimama juu ya kifusi.

Nitumie nini kwa kuta za ndani? Nitajie kitu kimoja tu.

Siwezi kukutajia kabla hujanijibu mambo mawili. Ukuta huo utasimama juu ya nini? Na utafanya kazi gani: kubeba paa, kuzuia sauti, kubeba mabomba ya bafu, au kutenga tu chumba cha watoto na sebule? Ukishajibu hayo, nyenzo karibu inajichagua yenyewe. Anayeanza na bei ya tofali moja atajikuta anarudi dukani mara ya pili.

Nitajuaje kama ukuta wa ndani unabeba paa?

Panda juu utazame mbao. Mchoro unaweza kuonyesha kenchi zinazotoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje bila kugusa katikati, lakini nyumba nyingi huku paa lake halikufuata mchoro. Fundi wa paa alifika, akakuta ukuta wa korido upo, akasimamisha nguzo fupi ya mbao juu yake ili ashikilie mbao ndefu za mteremko. Tangu siku hiyo ukuta ule unabeba paa, hata kama mwenye nyumba anauita ukuta wa kugawa vyumba.

Kwa hiyo zungumza na fundi wa paa kabla ukuta haujapanda. Mwambie akuonyeshe kwa kidole mahali nguzo zake zitakapotua. Ukuta unaopokea nguzo ujenge kwa tofali zima (unene wa ukuta uwe sawa na urefu wa tofali) au bloku za inchi 6, uwe na msingi wake na bimu ya juu, yaani mhimili wa zege. Usiopokea kitu unaweza kuwa mwembamba. Na ukinunua nyumba ya mtu ukataka kuvunja ukuta upate sebule pana, kazi ianze kwenye dari, nyundo ije baadaye.

Je, ukuta wa ndani unahitaji msingi? Si slabu, zege la sakafu, ipo?

Hebu tupige hesabu. Ukuta wa nusu tofali (unene wa sentimita 10 hadi 12) uliopigwa plasta pande zote mbili una uzito wa takriban kilo 250 hadi 270 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3 ni mita za mraba 12. Hapo una tani tatu hivi, sawa na kupanga mifuko 60 ya saruji kwenye mstari mmoja usiozidi upana wa kiganja na nusu. Slabu ya sakafu ya nyumba za kawaida huwa na unene wa sentimita 7 hadi 10, bila nondo, juu ya kifusi na moramu ambavyo pengine havikushindiliwa ipasavyo. Kifusi kikishuka, slabu inapinda, na ukuta unapasuka kwa mshazari kutoka kona ya mlango kwenda juu.

Nyumba yangu mwenyewe ina ufa wa namna hiyo. Niliongeza chumba baada ya sakafu kukamilika, nikajenga juu ya slabu, na mvua za msimu wa pili zilipoisha ufa ulikuwa unaingiza ncha ya kidole. Niliuziba mara mbili na ukarudi mara mbili. Mwishowe nilibomoa, nikakata sakafu, nikachimba hadi udongo mgumu, nikaanza upya. Gharama yake ilikuwa karibu mara tatu ya kuchimba mtaro ule mwanzoni, na watoto walilala sebuleni mwezi mzima.

Ukiwa bado kwenye msingi, chimba mitaro ya kuta zote nzito za ndani pamoja na ya nje, ziunganike. Kama hutaki mtaro, fundi anaweza kuongeza unene wa slabu chini ya mstari wa ukuta hadi sentimita 25 au 30 na kulaza nondo humo kabla ya kumwaga zege. Na kama slabu imeshamwagwa na huna la kufanya, basi jenga ukuta mwepesi. Ukuta wa jipsamu, yaani mbao nyembamba za jasi zilizofunikwa karatasi, kwenye fremu ya chuma una uzito wa kilo 25 hivi kwa mita ya mraba. Ukuta wetu ule wa mita za mraba 12 unashuka kutoka tani tatu hadi kilo 300.

Matofali ya kuchoma bado yanafaa?

Ndiyo, na kwa nyumba nyingi za kijijini na miji midogo ndiyo ninayoyapendekeza kwanza. Udongo wake uko karibu, kila fundi anayajua, mchwa hawayali, na msumari wa kutundikia picha unashika. Tatizo ni ubora. Tanuri la kijijini haliivishi sawasawa: yaliyo karibu na mdomo wa moto huungua hadi kupinda, yaliyo pembeni hutoka na rangi hafifu, nusu mabichi. Muuzaji huyachanganya yote kwenye lori moja.

Usinunue kwa macho. Chukua matofali kumi kutoka sehemu mbalimbali za rundo. Yagonge mawili mawili: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa mlio mzito uliozimika. Kwaruza kwa msumari. Ukichimba mfereji kirahisi, liache. Liangushe kutoka kimo cha kiuno juu ya ardhi ngumu, lisivunjike. Halafu tumbukiza mawili kwenye ndoo ya maji usiku mzima. Asubuhi ukikuta tope chini ya ndoo, mwambie muuzaji asante, uende tanuri jingine.

Jambo jingine ambalo watu hawaliangalii ni ukubwa. Matofali yetu hayana kipimo kimoja. Kila mfyatuaji ana kalibu yake. Chukua urefu na kimo cha tofali, ongeza unene wa mota (saruji na mchanga wa kuunganishia matofali) kwa kila kimoja, uzidishe. Tofali la sentimita 22 kwa 10, mota ikiwa sentimita 2, linafunika 24 kwa 12, yaani sentimita za mraba 288. Mita moja ya mraba itakula matofali 35. Tofali dogo la sentimita 20 kwa 8, mota ya sentimita 1.5, linafunika 204 tu, na mita hiyo hiyo itakula 49. Sasa tofali dogo "la bei poa" limekuwa ghali, na hapo hatujahesabu mota ya ziada wala siku za fundi.

Kuni za tanuri nazo zinanisumbua moyo. Nimeona miembe iliyozaa miaka na miaka ikiangushwa kwa tanuri moja. Kama unafyatua mwenyewe, panda mikaratusi yako mapema, au soma swali la matofali ya kushindilia hapo mbele.

Nusu tofali au tofali zima?

Kwa ukuta usiobeba kitu, nusu tofali inatosha: tofali linalazwa kwa urefu, na ukuta unatoka na unene wa sentimita 10 hadi 12 kabla ya plasta. Lakini ukuta mwembamba unahitaji kushikwa. Usiuache uende zaidi ya mita 3 au 4 bila kukutana na ukuta mwingine au nguzo ya tofali. Kila baada ya kozi (mistari ya matofali) tatu au nne, laza ukanda mwembamba wa chuma ndani ya mota, uingie kwenye ukuta wa nje. Juu, ukuta ufungwe na bimu, usiachwe ukining'inia hewani. Mota iwe ndoo moja ya saruji kwa nne au tano za mchanga, na matofali yaloweshwe kabla ya kulazwa, maana tofali kavu hunyonya maji ya mota na kuiacha unga.

Kuna mafundi wanaosimamisha tofali kwa ubavu ili kupunguza idadi, ukuta unabaki na unene wa sentimita saba au nane. Hapana. Mlango ukibamizwa mara mia moja, ukuta huo unalegea kuzunguka fremu. Ukimwona fundi anafanya hivyo nyumbani kwako, msimamishe siku hiyo hiyo.

Bloku za saruji je?

Zinajenga haraka. Bloku ya sentimita 40 kwa 20 inakwenda 12 hivi kwa mita ya mraba, na kona zake hunyooka, kwa hiyo plasta inakuwa nyembamba. Za inchi 5 au 6 zinatosha ndani, zenye tundu zikiwa nyepesi zaidi na nzuri kwa ghorofa ya juu.

Uliza zilinyweshwa maji siku ngapi. Bloku iliyofyatuliwa Jumatatu, ikaanikwa juani, ikauzwa Ijumaa, haijakomaa. Itasinyaa ikiwa tayari ukutani, na nyufa nyembamba zitafuata mota kama ngazi. Nataka angalau siku saba za kumwagiwa maji kivulini, na wiki nne tangu kufyatuliwa ndipo ziingie kazini. Ukiweza, fyatulia uwanjani kwako.

Nimesikia kuhusu matofali ya udongo yanayoshikana bila kuchomwa. Ni ya kuaminika?

Ni ya kuaminika yakitengenezwa kwa uangalifu. Udongo wa chini, usio na mizizi, unachanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 8, kisha unashindiliwa kwenye mashine ya mkono. Tofali linatoka na ulimi na mfereji vinavyoingiana. Hapa Uganda Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alifanya kazi kubwa kuyaendeleza, na shule nyingi na matangi ya maji yamejengwa kwayo. Hayahitaji kuni, yanakula mota kidogo sana, na uso wake ni mzuri kiasi kwamba ndani unaweza kuyaacha bila plasta.

Udongo ndio unaoamua. Jaza chupa angavu nusu kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa sehemu kubwa na mfinyanzi kiasi, uko vizuri. Mfinyanzi ukizidi, matofali yatapasuka yakikauka. Changanya na mchanga. Yakishatoka kwenye mashine yafunikwe kwa nailoni au majani na yanyweshwe wiki nzima. Wanaoharakisha hapa ndio wanaosema baadaye kwamba teknolojia hii ni mbovu.

Ukuta wake una unene wa sentimita 14 hivi, kwa hiyo ni mzito. Rudi kwenye swali la msingi.

Na matofali mabichi, yasiyochomwa? Jirani ananiambia ni umaskini.

Jirani akusamehe. Ndani ya nyumba, mahali pasipofikiwa na mvua, tofali bichi lililokauka vizuri ni ukuta mzuri kabisa: zito, linaloziba sauti, lisilopandisha joto, na halijakata mti. Ninafurahi kuona nyumba yenye kuta za nje za kuchoma na za ndani za matofali mabichi. Masharti ni machache. Anza na kozi mbili au tatu za tofali la kuchoma au jiwe, maji ya kupiga deki yasilifikie. Usilitumie bafuni. Na plasta yake iwe ya udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, kwa sababu plasta ya saruji juu ya udongo haishiki, hubanduka vipande vipande kama ganda la yai.

Ukuta wa jipsamu unadumu kwa hali yetu ya hewa?

Unadumu ukikingwa na maadui wawili, maji na mchwa. Ubao wenyewe, wenye unene wa milimita 12.5, ni jasi iliyofunikwa karatasi pande zote mbili, na mchwa hula karatasi. Nimefungua ukuta ulioonekana mzima, rangi yake nzuri, nikakuta nyuma vichuguu vya udongo vimepanda kutoka ufa wa sakafu hadi darini. Fremu ilikuwa ya mbao laini isiyotiwa dawa, na haikubaki kitu.

Kwa hiyo fremu iwe ya chuma chepesi, nguzo kila sentimita 60 au 40. Nyufa za sakafu zizibwe na udongo utiwe dawa ya mchwa kabla ya slabu kumwagwa. Ubao usiguse sakafu: acha kama sentimita moja, ufunike kwa skatingi, yaani ukanda wa chini ya ukuta. Na amua mapema utatundika nini. Runinga, kabati la vyombo na sinki vinahitaji kipande cha mbao iliyotiwa dawa ndani ya fremu, kiwekwe kabla ubao haujafungwa, maana skrubu kwenye jasi peke yake itachomoka.

Ninaupendekeza kwa ghorofa ya juu, kwa sakafu iliyokwisha kumwagwa, na kwa vyumba utakavyotaka kubadilisha watoto wakiondoka.

Plaiwudi, mbao, au matete?

Plaiwudi kwa muda mfupi ni sawa, lakini inashika moto na inapitisha kila neno. Mbao ngumu kama mvule huwashinda mchwa, ila bei yake siku hizi si ya kugawia vyumba. Musizi ni rahisi kupatikana na hushambuliwa na wadudu upesi usipotiwa dawa.

Matete yasidharauliwe. Waganda waligawa nyumba zao kwa matete yaliyofumwa na kwa lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na kazi ile ni nzuri ya kutazama hadi leo. Kutenga sehemu ya kulia chakula na sebule, mahali ambapo huhitaji mlango wala kimya, ninapenda matete kuliko jipsamu. Yaweke mbali na jiko la mkaa.

Ukuta wa bafu na jiko?

Tofali la kuchoma au bloku, plasta yenye dawa ya kuzuia maji, kisha vigae. Sehemu ya kuogea vigae vifike hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu.

Mabomba ndiyo yanayoua kuta hizi. Fundi bomba akija na patasi, mwongoze: mfereji wa kwenda juu usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwenye ukuta wa sentimita 12 mfereji wa kulala ni sentimita 2 tu. Bomba la maji machafu halitaingia humo, kwa hiyo ukuta wa nyuma ya choo ujenge mnene tangu mwanzo, au lipitishe bomba nje.

Kwa nini nasikia kila kitu cha chumba cha pili wakati ukuta ni wa tofali?

Tazama juu. Mara nyingi ukuta umeishia usawa wa dari, na dari ni ubao mwepesi. Sauti inapanda, inavuka juu ya ukuta, inashuka upande wa pili. Unaweza kujenga ukuta wa futi moja na bado ukasikia mkoromo wa baba mkwe.

Dawa ni kupandisha ukuta hadi chini ya mabati, angalau ule wa chumba cha wazazi na cha wageni, na kuziba mwanya wa mwisho kwa mota. Mwanya wa chini ya mlango nao unapitisha sauti nyingi. Kwa jipsamu, jaza pamba ya madini ndani ya fremu na ufunge mbao mbili za jipsamu kila upande, tofauti utaisikia.

Kwa anayejenga mizigo, yaani vyumba vya kupangisha vilivyo kwenye safu moja, hili nalisema kwa uzito. Ukuta kati ya wapangaji ufike kwenye mabati, kila chumba, bila kuacha hata mmoja. Ukiishia darini, mwizi anaingia chumba kimoja kilicho tupu, anatoboa dari, anatembea juu na kushuka kwa jirani. Na moto ukiwaka chumba cha kwanza, unapita juu ya dari hadi cha mwisho kabla watu hawajajua. Wapangaji wako wana watoto humo. Kozi chache za tofali zisikufanye ubane.

Niko Fort Portal. Matetemeko yanabadilisha chochote?

Yanabadilisha. Toro, eneo lenu, ilitikiswa vibaya mwaka 1966 na tena 1994, na ukanda wote wa Bonde la Ufa magharibi uko hivyo, Bundibugyo na Kasese pamoja. Ukuta mwembamba usiofungwa ndio unaowaangukia watu kitandani. Fanya bimu ya zege yenye nondo izunguke juu ya kuta zote, za nje na za ndani, ziwe kitu kimoja. Zile kanda za chuma kwenye kozi usiziruke. Na kuta ndefu zipunguze. Kuta nyepesi huko zina faida kubwa, kwa sababu kisicho na uzito hakikuui kikianguka.

Kibali kinahitajika kwa kuta za ndani?

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inataka kibali cha ujenzi kutoka kamati ya majengo ya eneo lako. Kuta za ndani zionekane kwenye mchoro unaopeleka. Ukitaka kuhamisha ukuta unaobeba, rudi kwao na kwa mhandisi kabla ya kugusa tofali.

Fedha zimeisha. Naweza kuhamia na kumalizia kuta za ndani baadaye?

Unaweza, na wengi hufanya hivyo. Jenga sasa ukuta wa bafu na wa chumba kimoja cha kulala chenye mlango wa kufunga. Mengine yasubiri, mradi uache maandalizi: msingi au slabu nene chini ya kila mstari, na kwenye ukuta wa nje uache meno, yaani matofali yanayojitokeza kozi moja na kurudi kozi inayofuata, ili ukuta mpya uje kuumana nayo. Kanda za chuma ziache zikining'inia, zipakwe saruji nyepesi zisishike kutu.

Wakati unasubiri, chora kuta kwa chaki sakafuni. Laza kozi moja ya tofali kavu bila mota, acha nafasi za milango, halafu ingiza kitanda. Mama watoto apite na beseni la nguo, mzee apite na fimbo yake, watoto wakimbie. Juzi Tororo tulisogeza ukuta mmoja sentimita 40 kwa sababu kitanda cha bibi kilikuwa kinagonga mlango, na kazi hiyo ilituchukua nusu saa, kwa mikono mitupu.